Kati ya Cheche na Mshindo

Fundi Katabi wa Ipole alinimwagia baruti mbili
juu ya gazeti la mwaka juzi:
hii ya chenga, kama ulezi ulioparazwa,
hii ya unga, laini kama ugoro wa mama mkwe.
"Ya chenga inalala mtutuni, ya unga kisahanini.
Ukizibadilisha, nyusi zako zitahama."
Yeye mwenyewe wa kushoto hana. Sikuuliza.

Ya chenga alikuwa nazo kutoka makopo mawili.
Nikazijaribu nilivyomwona baba akijaribu:
kijiko kimoja kwenye ukurasa wa tanzia, kisha moto.
Ya kopo la kwanza ilinung'unika, ikaacha
matone meusi ya mafuta, kama wanja uliolia.
Ya pili ikapaa, puu,
na karatasi ikabaki inasomeka:
marehemu, wajukuu, mazishi saa kumi.
"Hii," nikasema.
"Ndiyo ya bei," akasema.
Nikalipa debe la karanga za mwaka jana,
zile ambazo nguruwe hakuwahi kuzifikia.

Halafu shabaha.
Ile ya baba, chembe ya chuma kwenye mdomo wa mtutu,
kutu ilikuwa imeila hadi ikawa chunusi.
Katabi akavunja kufuli bovu, akatoa shaba,
akaipiga tupa tangu asubuhi, nasi tunabishana.
Mimi naitaka nyembamba, isimfiche mnyama.
Yeye anaitaka nene:
"Utalenga usiku, mama Nsokolo,
na usiku hausomi herufi ndogo."
Tukapatana kwenye punje ya mchele.
Nyuma akachonga panda, ndogo, kama ya manati ya mtoto,
akasema punje ikae humo katikati
bila kugusa huku wala huku,
kama mgeni asiyetaka kuketi.

Mwezi wa nne. Karanga zimeshika.
Niliipaka punje ile uji wa muhogo, ikakauka nyeupe.
Gumegume jipya, nimelifunga kwa ngozi ya mbuzi.
Baruti, kitambaa, risasi, mdeki mara tatu,
na kisahanini ile ya unga, pinji moja,
nikaifunika kwa kiganja maana ukungu
ulikuwa unapanda kutoka mbugani.

Akaja.
Nilisikia kwanza mizizi ikikatika,
taratibu, mnyama asiye na haraka.
Kivuli kimeinama, mgongo wa mviringo.
Punje ikaingia kwenye panda. Ikatulia.
Nikavuta.

Wanaotumia bunduki za kisasa hawakijui
kile kipande cha muda
kati ya cheche na mshindo.
Humo ndimo mkono hutetemeka.
Baba alisema, humo usipepese jicho,
na mimi sikupepesa.

Cheche. Kisahani kikawaka
mwanga mweupe wa kukata kucha.
Na mshindo haukuja.

Nikaona kanga. Nikaona beseni.
Nikaona uso wa Kalekwa, jirani,
aliyeniazima chumvi Jumanne,
viganja vimejaa udongo na karanga zangu.

Giza likarudi, zito kuliko lilivyokuwa.
Hakuna aliyesema kitu.
Beseni liligonga jiwe mara moja,
halafu nyasi, halafu vyura.

Asubuhi nikachokoa tundu kwa mwiba:
unga umelowa, umeganda kama tope la nyigu.
Ile ile niliyoichagua. Ile ya bei.

Chumvi nimemrudishia, na karanga bakuli moja juu yake.
Akapokea kwa mikono miwili, akitazama miguu yangu.

Katabi alipokutana nami mnadani akauliza,
"Na shabaha yangu je, inapotoka?"
Nikamwambia haipotoki.

Sikumwambia ilikuwa imekaa wapi,
nyeupe, imetulia,
bila kugusa huku wala huku,
chini kidogo ya fundo la kanga.